Macho ya Nthiga na Kiondo cha Wambura

Kanja, Embu
14 Februari 1999

Kwako mdogo wangu Nthiga,

Salamu zikufikie hapo Timau kabla baridi haijazigandisha njiani. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini ulimi hauna tatizo lolote. Shemeji yako Salesio anakusalimu pia. Amenunua redio, na sasa anajua habari za dunia nzima isipokuwa za ng'ombe wake, ambaye jana alivunja ua na kula sukumawiki ya jirani.

Hukuja Krismasi. Sikuulizi kwa nini, maana nikikuuliza utaniambia kazi. Tunasikia umeacha shamba la ngano, sasa uko kwenye maua. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Nthiga wangu anachuma maua?" Nikamwambia maua yanalipa. Sijui kama yanalipa, nilikuwa nakutetea tu.

Sasa habari yenyewe. Wambura wangu anaolewa na kijana wa mzee Kivuti, watu wa upande wa Runyenjes. Ruracio, yale mazungumzo ya mahari, tumeyaanza vizuri, na Desemba watakuja kumchukua. Unajua maana yake kwako. Katika nyumba yetu msichana haondoki kabla mjomba hajamjazia kiondo. Unakumbuka nilivyojaziwa mimi? Mjomba wetu aliinua debe la njahi, watu wote wakanyamaza, akazimimina kwa mkupuo mmoja, yale maharagwe meusi yakalia mpaka waliokuwa nje ya ua wakasikia. Mama anasema kiondo kisiposikika hakijajazwa. Wambura hana mjomba mwingine duniani. Amesema usipokuja haondoki, na wewe unamjua, huyo ni mkaidi kama baba yetu.

Lile blanketi nililowatumia linawatosha? Niliambiwa ni zito. Hukuniambia kama mnalitumia.

Msalimie wifi yangu Kendi, na umwambie akupige kibao kwa niaba yangu.

Dada yako,
Igoki

*

Timau
3 Aprili 1999

Dada Igoki,

Barua yako niliipata zamani, ni kujibu ndiko kulichelewa. Sisi tuko. Kendi anakusalimu, kibao amekataa. Baridi ni ile ile. Asubuhi maji yanaganda kwenye bomba na tunangoja jua liyafungue. Mwambie Mama kwamba sichumi maua, nayakata, kwa mkasi wake maalumu. Ni kazi ya kimya. Naipenda kwa ajili hiyo.

Nimefurahi sana kwa Wambura. Mpe pongezi zangu. Kuhusu Desemba siwezi kuahidi. Kama shemeji Salesio anaweza kumjazia hicho kiondo, au mzee mwingine wa ukoo, mimi sitakasirika. Msiningoje.

Kuna matibabu ninayofuata Nkubu. Ni ya macho. Si jambo kubwa, usimwambie Mama.

Nthiga

*

Kanja
25 Aprili 1999

Mpendwa Nthiga,

Tunakusalimu sote, na ninaposema sote namaanisha mpaka kanisa. Uliniambia nisimwambie Mama, nami sikumwambia. Nilimwambia Salesio tu, na siku hizi Salesio na redio yake hawana tofauti. Jumapili padri amewaomba watu wakukumbuke kwa Santa Lusia, msimamizi wa macho. Wanawake watatu walinijia baada ya misa wakitaka kujua ni jicho lipi. Sikujua. Niliwaambia la kushoto.

Mbona hukusema mapema? Ni lile vumbi la ngano, nilijua. Miaka sita umefanya kazi ghalani, vumbi litaacha kukudhuru kwa nini? Sasa sikiliza. Nakutumia kwa basi gunia dogo la karoti. Kula mbichi, usimwachie Kendi azipike. Ndani ya karoti nimefunga miwani ya Baba, marehemu. Mama ameitoa mwenyewe kutoka kwenye sanduku. Ijaribu, huenda macho yenu yakawa ya kipimo kimoja.

Na hilo la Salesio kumjazia binti yake kiondo usilirudie. Baba hampi mwanawe baraka ya mjomba, hata mtoto mdogo anajua. Hata ukiwa kipofu kabisa, Mungu apishe mbali, tutakushika mkono mpaka kwenye debe. Kumimina njahi si kusoma gazeti. Hakutaki macho, kunataka mikono yako na masikio yetu.

Nauliza mara ya pili habari za blanketi.

Dada yako anayekuombea,
Igoki

*

Timau
20 Juni 1999

Dada yangu,

Asante kwa karoti. Tumekula, majirani wamekula, na mbuzi wa jirani naye amejihudumia. Miwani ya Baba niliivaa kumfurahisha Kendi, nikaona mlima Kenya umekuja mpaka mlangoni, nikajikwaa kwenye ndoo. Nimeiweka vizuri. Ina harufu yake bado, ile ya ugoro.

Waambie watu wa kanisa asante. Nilisoma hapo pa Santa Lusia nikaona aibu, lakini asante.

Nikueleze kidogo huyo anayenitibu. Anaitwa Makandi, mwanamke wa huku Meru, mfupi, ambaye sijawahi kumwona bila sweta yake ya kijani. Dada, sijawahi kukutana na mtu anayesikiliza namna ile. Mimi hapo awali nilikaa saa nzima bila kusema la maana, na yeye hakuangalia saa hata mara moja. Ananiketisha, anasogeza kiti chake karibu, pembeni kidogo, anainua vidole viwili na kuvipeleka kushoto na kulia, kushoto na kulia. Mimi navifuata kwa macho tu, kichwa kimetulia. Halafu anashusha mkono, ananiambia nivute pumzi, ananiuliza kumetokea nini. Nikishasema tunaendelea. Ni hivyo tu. Nikitoka hapo nimechoka kama mtu aliyelima kutwa, lakini siku hiyo nalala.

Blanketi ni zuri.

Nthiga

*

Kanja
1 Agosti 1999

Nthiga,

Huku wazima, kahawa imechanua, Mama anakusalimu. Hayo yametosha.

Mzee Kivuti alikuja hapa na ndugu zake wawili. Walikula vizuri, wakanywa chai, wakazunguka zunguka kama watu wanaotafuta mahali pa kufunga punda, mwishoni mmoja akauliza kama huo upofu ni wa ukoo. Kama wajukuu wao watazaliwa wakiona. Wambura alikuwa mlangoni na sinia. Aliisikia hiyo. Nthiga, mtoto wangu hajala chakula cha jioni siku mbili, kwa sababu ya jicho lako la kushoto.

Nikaenda kwa muuguzi wa zahanati nikamsomea vile ulivyoandika, vile vidole viwili. Akanitazama akasema, mama, daktari wa macho anakuonyesha herufi ukutani, hakuulizi kumetokea nini. Na niliporudi nyumbani nikafikiria lile la usingizi. Tangu lini mtu anaumwa macho halafu kinachopona ni usingizi? Wako wanaosema hapa kwamba hivyo vidole ni vya mganga, kwamba umelogwa huko au unaloga. Nimegombana na wawili. Lakini ningegombana vizuri zaidi kama ningejua ukweli.

Unakumbuka barua zetu za shule? Mwalimu alitufundisha tuanze kwa "mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Tulikariri kama wimbo, hatukujua tunasema nini. Leo nayaandika nikijua maana yake. Mimi mzima. Hofu ni kwako. Niambie iko wapi.

Igoki

*

Timau
12 Septemba 1999

Dada yangu mpendwa Igoki,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa shemeji, na kwa Wambura hasa. Kendi anasalimu, amekaa hapa mbele yangu anakuna nazi aliyoletewa na rafiki yake wa Mombasa, na ameapa haondoki mpaka nimalize kuandika. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Macho yangu ni mazima. Mwambie mzee Kivuti hakuna kipofu katika ukoo wetu. Niliandika "matibabu ya macho" na si uongo, yanafanywa kwa macho. Lakini ulipoelewa vingine nilikuacha uelewe, kwa kuwa kuumwa macho hakuna aibu.

Mlisikia kwamba mwaka jana wakati wa mavuno mtu mmoja alifariki kule ghalani. Mliniuliza nikasema ni mtu wa kazini. Alikuwa Muthamia. Tulikula naye sahani moja miaka minne. Siku ile ngano ilikuwa imeshika unyevu, imesimama ghalani kama ukuta, nasi tuliingia na mabeleshi kuisukuma. Ukuta ukaporomoka. Dada, ngano si maji. Huwezi kuogelea. Kila ukijitikisa inakuvuta chini. Mimi ilinifika kidevuni. Muthamia ilimfunika. Nilikuwa nimemshika mkono chini humo, nikahisi anaminya vidole vyangu, anaminya, halafu nikahisi haminyi tena. Na ngano iliendelea kushuka juu yetu kwa sauti ndogo, sauti ile ile ya mtu anayemimina maharagwe kwenye sufuria.

Sasa umeelewa kiondo.

Baada ya hapo sikuwa mtu. Kendi alimimina mahindi kwenye karai, akanikuta nyuma ya choo nimechuchumaa, na sikujua nimefikaje. Akawa anapima nafaka kwa jirani. Nikaenda kwenye maua kwa sababu maua hayamiminiki. Na blanketi uliloniuliza mara nyingi, ni zuri kweli, Kendi analitumia. Mimi siwezi kufunikwa na kitu. Kikinifika kifuani ni ngano. Nimelala Timau mwaka mzima kwa koti, bila kujifunika, na mke wangu upande wake analia akidhani sisikii.

Ni yeye aliyesikia habari za Makandi. Makandi alikuwa muuguzi, halafu akasomea haya Nairobi kwa wageni waliokuja kusaidia watu baada ya lile bomu la ubalozi mwaka jana. Mimi pia nilidhani ni uganga. Siku ya kwanza nilikagua chumba chote nikitafuta kibuyu. Kulikuwa na kalenda ya chama cha ushirika na sanduku la leso za karatasi.

Hakuinua kidole siku ile, wala iliyofuata. Alitaka kujua nalala vipi, nakula vipi, nani yuko nyumbani. Alinifundisha kutafuta mahali moyoni ambapo naweza kukimbilia mambo yakizidi. Nilichagua lile jiwe la kijito chetu, pale ulipokuwa ukifua na mimi najianika kama shati. Ndipo akaniuliza picha inayoniuma kuliko zote, nikasema mkono. Akaniuliza, ukiona huo mkono unajiambia nini juu yako mwenyewe? Nikasema, ni mimi niliyemwachilia. Akaniuliza inauma kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Nikasema kumi, kwa vile hakunipa kubwa zaidi.

Halafu vidole. Sijui nikueleze vipi. Uko macho kabisa, unasikia kuku nje, hakuna usingizi wala kiini macho. Unashika ile picha huku macho yanatembea, na picha inaanza kusogea yenyewe. Ukaja mkono, ikaja harufu ya ghala. Nilimwinulia kiganja, ishara yetu ya kusimama, naye akasimama papo hapo, tukaenda kwenye jiwe. Tukarudi. Safari nyingine akaja Muthamia mwenyewe anacheka, mdomo umejaa ugali. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anacheka. Makandi hanifasirii kitu. Anasema tu, "Endelea na hicho."

Na siku moja mwezi wa saba nikaona jambo ambalo sikuwa nalo kabisa. Niliwaona watu wakituchimbua kwa mbao na mikono. Nikamwona msimamizi amepiga magoti, analia, anavuta vidole vyangu kimoja kimoja. Nilikuwa bado nimemshika Muthamia. Sikumwachilia, Dada. Walinibandua.

Nililia mpaka yule mama akanisogezea sanduku zima la leso. Tuliporudi kwenye lile swali, nilijisikia nikisema, "Nilishika mpaka mwisho." Maneno hayo hakunipa yeye. Yalikuwa ndani yangu, yamefunikwa.

Nilimuuliza inafanyaje kazi. Namheshimu kwa jibu lake. Alisema hata waliomfundisha wanabishana. Yeye anaamini jambo la kutisha likizidi nguvu ya mtu hukwama likiwa bichi, kila ukiligusa ni leo, na macho yakitembea huku unalikumbuka, linaanza kujongea mpaka linakuwa la jana. Halifutiki. Na akasema wako wanaopata nafuu upesi, wako wanaochukua muda mrefu, wako ambao haiwafai. Mtu angeweza kujisifu, hakujisifu.

Ile picha sasa inauma mbili kwa kumi, pengine tatu siku mbaya. Lakini sauti bado. Sauti hatujaigusa. Kwa hiyo niliposema msiningoje sikuwa nakataa. Namwogopea Wambura. Naona nimeinua debe mbele ya wakwe zake, halafu naliangusha na kukimbilia migombani. Msichana ataanza ndoa yake kwa hicho.

Huko ndiko hofu iliko. Uliniuliza, nimekuonyesha.

Ndugu yako,
Nthiga

*

Kanja
10 Oktoba 1999

Nthiga wangu,

Mama anakusalimu, Salesio anakusalimu, Wambura anakusalimu na anakula tena.

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye majani ya ng'ombe. Nilikutumia karoti! Mtu amefukiwa na ngano akiwa amemshika rafiki yake anayekufa, na dada yake anamtumia karoti na miwani ya marehemu. Nilicheka, halafu nikalia kilio ambacho sikukilia hata msiba wa Baba. Na lile blanketi. Nilikuwa nakudai shukrani, mwanamume mzima anatetemeka kwa koti.

Nataka uyasikie haya kutoka kwangu. Sikuonei huruma, nakuvulia kilemba. Kukimbia jambo kama hilo ni rahisi. Wewe ulipanda gari kila mara ukaenda Nkubu kuliangalia usoni. Na huyo Makandi, nikimwona nitampa jogoo wangu mwekundu, yule ambaye Salesio mwenyewe nimemkataza kumgusa. Mshike Kendi pia umbusu, sijali kama unaona haya.

Kwa mzee Kivuti nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia macho ya ndugu yangu yanaona sindano gizani. Alikuwa anatibiwa jambo la kutisha lililompata kazini. Nilijiandaa kugombana. Yule mzee akanisogezea kigoda. Halafu akaniambia kwamba yeye mwenyewe tangu enzi za Dharura ya wakoloni, alipokuwa mtoto na kuona nyumba yao ikichomwa, hawezi kukaa karibu na moto wa kuni unaopasuka pasuka. Watu wanadhani ni maringo. Akaniuliza Nkubu ni nauli kiasi gani.

Sasa kuhusu kiondo. Nimezungumza na Wambura. Tutajaza ndizi. Ndizi hazina sauti. Mama alipinga, akasema kiondo kisiposikika hakijajazwa, nikamwambia Mama, basi nitapiga mayowe mimi, kitasikika. Wambura amesema anakutaka wewe, kilicho ndani ya kiondo ni shauri lako. Kwa hiyo hilo limekwisha, uje na mikono mitupu ukipenda.

Lakini nimefunga hapa mfuko mdogo wa njahi kutoka shamba letu. Nimeushona mdomo ili usifunguke njiani. Ukiona vyema mpelekee Makandi. Usipoona vyema, Kendi aupike wewe ukiwa kazini.

Tangu nisome barua yako, kila nikimimina maharagwe nasimama kusikiliza. Sikujua nyumba hii ina sauti hiyo mara nyingi namna hii kwa siku.

Dada yako,
Igoki

*

Timau
21 Novemba 1999

Dada Igoki,

Hatujambo sote. Kendi amepata zile mbegu za viazi ulizomtumia, anashukuru. Mvua imetukubali.

Mfuko wako ulikaa juu ya kabati wiki mbili tukitazamana. Halafu nikaupeleka Nkubu ndani ya soksi. Makandi aliposikia habari zake, na zako, alicheka sana hapo pa karoti, akasema angependa dada kama huyo. Nikamwambia ungechoka.

Alikata uzi wa mfuko mwenyewe. Hakunimiminia. Aliniuliza kwanza nataka nini, nikasema moja. Akaangusha njahi moja kwenye sahani ya bati. Tak. Nikajikuta nimesimama. Vidole, kushoto na kulia. Pumzi. Kumetokea nini? Ghala. Endelea na hicho. Tukaenda na moja mpaka ile moja ikanichosha, nikasema ongeza. Siku hiyo tuliishia kwenye njahi chache za kiganjani, na nilirudi nyumbani nimevunjika, nikamwambia Kendi basi, imetosha, tutajaza ndizi.

Lakini safari iliyofuata aliniambia nishike mfuko mimi. Akasema mpaka sasa sauti hiyo imekuwa ikikushukia, sasa ni wewe unayeishusha. Nikamimina mwenyewe, taratibu. Na katikati hapo, huku macho yanafuata vidole vyake, nikaacha kuona ghala. Nikaona jiko la Mama. Nikakuona wewe una miaka kama kumi, umekaa kwenye kigoda, unamimina njahi kutoka ungo mmoja kwenda mwingine ili upepo uchukue makapi, na unaniambia nisiibe. Dada, sauti ile ilikuwa yako kabla haijawa ya ghala. Ngano iliichukua tu.

Sisemi nimepona. Jana mtu wa dukani alimimina mchele kwenye mizani bila kunionya, nikatoka nje. Lakini nilitoka kwa kutembea, nikarudi, nikanunua chumvi yangu.

Nitakuja. Sijui mikono itafanya nini siku yenyewe. Weka debe la njahi na weka ndizi. Nitachagua nikifika.

Nthiga

*

Kanja
29 Desemba 1999

Kwako mjomba wa Wambura,

Mmefika salama? Tuliambiwa barabara ilikuwa na matope kuanzia Chuka. Huku nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mama anakaa kwenye kiti chako na hataki mtu mwingine akikalie. Mzee Kivuti ametuma salamu, na ameulizia tena habari za Nkubu; mpe Makandi taarifa kwamba atamwona mwezi wa pili. Jogoo hakukataa safari? Kendi ni shujaa kumbeba yule.

Nakuandikia mapema hivi kwa sababu siku ile ulikuwa katikati ya jambo, hukuona tulichoona sisi. Wambura aliniambia nikuandikie kabla sijasahau.

Ulipotoka nje nilikuwa nimeziweka ndizi karibu na mkono wako wa kulia na debe mbali kidogo, ili usione kama nakulazimisha. Ulizipita ndizi. Uliinua debe, ukaanza kumimina, njahi zikalia mle kiondoni, na kabla hakijafika nusu ukasimama. Debe limeinama hewani. Kendi alishika mkono wangu mpaka nikaumia. Wale wageni hawakujua kitu, walidhani ni desturi yetu mjomba kusimama hapo. Na mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa, tayari kupiga mayowe yangu niliyoahidi.

Ndipo nikaona macho yako. Yalikwenda kwa Wambura, yakaja kwangu. Kwa Wambura, kwangu. Tulikuwa tumesimama huku na huku kwako, sikupanga, Mungu shahidi. Sijui kama ulikuwa unafanya ile kazi ya Makandi au ulikuwa unatutazama tu kama mtu anavyotazama watu wake. Usiniambie. Ukavuta pumzi, mabega yakashuka, ukamimina zote zilizobaki, mpaka ya mwisho, ukagonga na kitako cha debe. Aliye barabarani alisikia. Mama alipiga vigelegele mpaka magoti yakasahau kuuma.

Mama yake bwana harusi aliniinamia akanong'ona, "Si mlisema mjomba haoni vizuri? Mbona hakumwaga hata moja?" Nikamwambia, "Alikuwa haoni. Ametibiwa."

Ile njahi Wambura ameipanda nusu, nusu ameipika. Amesema ya kupanda ni ya Muthamia. Hilo alilifikiria mwenyewe, si mimi niliyemshauri.

Kuna jambo moja zaidi, sikulitaja mlipokuwa hapa kwa sababu ningelia mbele ya wageni. Asubuhi ya pili yake niliwaletea chai mapema, jua linachomoza. Kendi alikuwa ameshatoka kuchota maji, mlango uko wazi. Ulikuwa umelala, na lile blanketi langu zito, ambalo mlikuja nalo, umejifunika mpaka kichwani, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyokuwa nje. Nilisimama hapo. Halafu chai nikairudisha jikoni, ikapoa.

Dada yako,
Igoki